Kitabu Hakirudi Mezani

Wanangu mliopokea kazi ya vitabu vyetu vya hadithi, ujumbe wenu nimeupata. Mnasema mnaandaa toleo jipya la kile kitabu chenye jalada la kijani, na kwamba kwenye hadithi ya Aikaruwa kuna doa jeusi pembeni mwa ukurasa, limekaa kama ramani ya nchi isiyojulikana. Mnauliza kama mlifute, kwa kuwa siku hizi kompyuta hufuta kitu cha namna hiyo kabla chai haijapoa. Mmeuliza kwa adabu, shikamoo mbele na asante nyuma, na ningeweza kuwajibu kwa neno moja. Bahati mbaya mimi ni mstaafu, na mstaafu akiulizwa swali la neno moja hujibu kwa kurasa. Chukueni viti.

Nimefanya kazi ya uhariri katika kiwanda kidogo cha uchapaji hapa Moshi mjini mpaka nilipostaafu kwa hiari, maana yake nilichoka kabla sijaambiwa nimechoka. Kazi iliyonilisha ilikuwa vitabu vya mazoezi ya shule na kalenda. Kazi niliyoipenda ilikuwa ile ya mara moja kwa mwaka: mkusanyiko wa hadithi fupi za kuchangia jambo moja. Waandishi wanatoa hadithi bure, kiwanda kinachapa kwa bei ya huruma, na mapato yanakwenda kwenye jambo hilo. Mwaka mmoja ni tangi la maji la shule, mwaka mwingine ni viti vya magurudumu.

Niliianza kazi hii nikiwa na shahada ya fasihi kutoka chuo kikuu na imani thabiti kwamba mahali fulani kuna msomaji ameketi ananisubiri. Uzinduzi wetu wa kwanza tuliufanya katika ukumbi mjini. Nilihutubia kwa kirefu kuhusu muundo wa hadithi fupi. Waliokuwepo ni waandishi, ndugu za waandishi, na bwana mmoja aliyeingia akidhani ni sherehe ya kumuaga bibi harusi. Alipogundua si yenyewe, pilau lilikuwa limeshapakuliwa, akaona aendelee kuwepo. Alinunua nakala moja. Mpaka leo namkumbuka kwa heshima, kwa sababu ndiye mnunuzi pekee wa siku ile ambaye hakuwa na undugu na mtu yeyote kitabuni.

Kitabu chenyewe kilikuwa kizito kwa huzuni. Mtu akiambiwa kwamba hadithi yake ni ya kuchangia jambo jema, huua mtu ukurasa wa pili. Mayatima walikuwa wengi mpaka mpangaji wa kurasa kiwandani akaniuliza kama ile ilikuwa hadithi au taarifa ya kituo cha kulelea watoto. Kwa hiyo andikeni hili ukutani mwa ofisi yenu: baada ya hadithi moja ya msiba, wekeni moja yenye mtu anayekimbizwa na ng'ombe. Msomaji anataka kuvuta pumzi.

Na kukataa hadithi, je? Mtu anayekuandikia bure humwambii kwamba hadithi yake ni mbaya. Unamwambia imekuja mapema. Mimi nilikuwa na mzee mmoja wa Shirimatunda niliyemwambia hivyo, akarudi mwaka uliofuata na hadithi ileile. "Mama, sasa wakati wake umefika?" Nikasema bado kidogo. Akawa anarudi kila mwaka, na kila mwaka anainakili upya kwa mkono. Nadhani alikuwa anachoka kunakili, kwa sababu kila mara ilikuja fupi zaidi. Mwisho ikabaki kurasa nne, nzuri kabisa, nami nikaichapa. Aliniambia, "Nilijua tu kwamba ulikuwa unanifundisha." Sikumkatalia. Sifa ya bure haikataliwi.

Sasa twende kwenye kitabu cha kijani.

Kile kilikuwa cha kujenga nyumba ya kungojea kwenye zahanati moja ya Old Moshi, huko juu. Ninyi mmeikuta imesimama. Kabla yake, mama mjamzito aliyekuwa anaishi kwenye vilima vile, masika yakimkuta kwenye mwezi wake, alikuwa anategemea udongo. Udongo ukikubali, anafika zahanati. Udongo ukikataa, hakuna gari linalopanda wala linaloshuka. Wazo la nyumba ya kungojea ni jepesi: mama anakuja siku kadhaa kabla, analala jirani na muuguzi, anasubiri saa yake akiwa tayari amefika.

Mjini kitabu hakikununuliwa. Ndipo Aikaruwa, mmoja wa waandishi wetu, fundi cherehani wa kulekule juu, akaniambia, "Mama, hicho kitabu unakiuza mahali ambapo watu wanapita. Kipeleke mahali ambapo watu wameketi. Njoo mnadani kwetu Jumapili."

Mimi ni Mkatoliki wa Marangu, na minada ya baada ya ibada naijua tangu utoto. Lakini mnada wa ule usharika wa Kilutheri ulikuwa na dalali wa aina yake. Aliitwa Mzee Anaeli, mzee wa kanisa, mkulima wa kahawa na ndizi, na baba mzazi wa Aikaruwa. Alikuwa na sauti inayofika ng'ambo ya korongo bila kupandishwa. Aliuza mkungu wa ndizi kana kwamba mgomba wenyewe ulikuwa na vyeti vya shule.

Alikishika kitabu changu kwa vidole viwili, akakipima uzito.

"Mama mhariri, hiki kina hadithi ngapi?"

"Kumi na nane, Mzee."

"Mmesikia? Kumi na nane. Kuku niliyemuuza sasa hivi ana mapaja mawili tu, na mmemgombania. Nani anaanza?"

Wakaanza. Bei ikapanda kwa namna ambayo mhadhara wangu wa ukumbini haukuwahi kuipandisha. Aliyeshinda akasimama, akalipa, akainua mkono. "Narudisha mezani." Watu wakapiga makofi.

Ninyi wa mjini huenda hamlijui hilo. Katika minada yetu, mtu hununua mkungu wa ndizi, halafu huurudisha ukauzwe tena, ili sadaka iongezeke. Mkungu mmoja unaweza kuuzwa mpaka ukaanza kuiva. Ni ustaarabu mzuri sana, na siku ile kitabu changu kiliingia katika ustaarabu huo. Kilinunuliwa, kikarudi. Kikanunuliwa, kikarudi. Nilikuwa nimekaa pembeni nikijiona mchapishaji mkubwa wa Afrika Mashariki. Ibada na mnada vilipokwisha, nilinyanyua boksi langu nilipeleke garini, nikashangaa uzito wake. Lilikuwa zito kama lilivyokuja. Nilikuwa nimeuza nakala moja, mara nyingi, na hata hiyo moja nilikuwa naondoka nayo.

Aikaruwa alikuwa amesimama kwenye mlango wa gari.

"Mama, leo umefurahi."

"Nimefurahi sana. Kuta za nyumba ya kungojea zitapanda."

"Na nani amekisoma?"

Nikalitazama boksi langu. Akaegemea gari, akanieleza kwa nini aliandika ile hadithi yake, "Tumekaribia". Nilikuwa nimeihariri mimi mwenyewe, nimepunguza vivumishi, nimesahihisha nukta, na sikuwa nimeuliza ilikotoka.

Mama yake alifariki kwa uzazi, kwenye njia ya kushuka zahanati, mchana wa masika, Aikaruwa akiwa msichana wa shule ya msingi anayetembea nyuma na jani la mgomba kumkinga mama mvua. Baba yake na majirani walibeba kitanda cha miti. Kila kona baba alisema, "Tumekaribia, mama watoto, tumekaribia." Walikuwa hawajakaribia. Baada ya msiba, Mzee Anaeli hakulizungumzia jambo lile tena. Alihangaika na kahawa yake mpaka akanunua pikapu kuukuu, akaiegesha uani, na kila Jumamosi akawa anaiosha. Pikapu ile ndiyo ilikuwa jibu lake kwa kila kitu.

"Sasa Nuru, mke wa kaka yangu, anajifungua masika haya haya," Aikaruwa akasema. "Kaka yuko Dar es Salaam kazini. Mwenye neno nyumbani ni baba. Nimemwambia, baba, Nuru aende akalale zahanati mapema, wamesema chumba kimoja cha nyumba ile kitakuwa tayari. Ananijibu, 'Chumba ni cha wasio na gari. Gari lipo.' Mama, masika ile pikapu haitoki hata getini. Yeye anachangisha kwa ajili ya wake za watu wote isipokuwa wa nyumbani kwake. Kubishana naye siwezi, ni baba yangu. Nikaona niandike, maana kitabu hakina utovu wa adabu. Kumbe hakifungui. Leo ameshika hadithi yangu mkononi, ameiuza, ameipokea, ameiuza tena."

Masika yalikuwa hayajafika, lakini mawingu yalishaanza kuulizana habari.

Nilijaribu kwa mbinu za kisomi. Nilimpelekea Mzee Anaeli nakala yenye saini yangu. Alishukuru sana, "Aika mae," akaiweka kwenye kabati la vioo pamoja na vikombe vya wageni. Nikamwambia hadithi zenyewe ni fupi, mtu anamaliza moja huku akisubiri maji yachemke. Akasema kwake maji yanachemka upesi. Nikamwambia ya binti yake iko ukurasa wa arobaini. Akasema, "Huyo ananishonea suruali, kazi yake naijua." Nilirudi Moshi mjini na shahada yangu, wote wawili tumechoka.

Aliyepata njia ni Aikaruwa, na aliipata katika desturi zilezile za mnada. Anayenunua kitu ana ruhusa ya kutokirudisha mezani. Anaweza kumzawadia mtu hapohapo. "Namnunulia mama mchungaji." Na zawadi ya mnadani hairudi kuuzwa, ni aibu. Aliyezawadiwa hushukuru mbele ya watu, kwa kawaida kwa ubeti wa wimbo, kisha anakwenda nacho nyumbani.

Jumapili iliyofuata nilikuwepo, boksi miguuni. Kitabu kilipofikiwa, Aikaruwa akaanza kupandisha bei. Mzee akafurahi.

"Mnamwona huyu? Fundi cherehani anawashinda wenye vihamba viwili viwili vya migomba. Wanaume mpo, au niwaite kwa majina?"

Wanaume walikuwepo, lakini walichoka mapema. Aikaruwa akashinda.

"Unarudisha, mwanangu?"

"Sirudishi, baba. Namzawadia dalali."

Watu wakacheka kwa raha, kwa sababu sheria waliijua na walijua pia kwamba Mzee Anaeli ana sauti ya kuuza lakini hana ya kuimba. "Aimbe," wakasema huku nyuma. "Aimbe, aimbe."

"Nikiimba mtataka mrudishiwe sadaka zenu," akajibu.

"Basi asome," akasema Aikaruwa. "Ukurasa mmoja tu wa kushukuru. Nimeuwekea alama."

Alama ilikuwa kipande cha kitenge. Mzee akatoa miwani mfukoni mwa koti, akafungua, akaanza kusoma kwa sauti yake ileile ya kuuzia kuku, huku akitua kidogo ili watu wacheke. Walicheka mstari wa kwanza, maana kuna mbuzi. Mstari wa tatu hakuna mbuzi. Kuna mvua, kuna kitanda cha miti, kuna mtoto mwenye jani la mgomba. Majina yote Aikaruwa alikuwa ameyabadilisha. Mzee akasoma, "Kila kona baba alisema, Tumekaribia, mama watoto..." na hapo sauti yake ikasimama. Haikukatika. Ilisimama, kama mtu aliyefika mlangoni akakuta kumefungwa.

Nilijuta kuzaliwa na kusoma. Kikapuni kuku alijitingisha. Wazee waliokibeba kile kitanda, maana wawili walikuwepo, walitazama miguu yao.

Mzee Anaeli akafunga kitabu, akakitia ndani ya koti, upande wa moyo au upande wa miwani, vyote viko huko. Akamshika kuku miguu. "Huyu nani anaanza?" Kuku yule aliuzwa kwa bei ya kutupa, na kila mtu aliona.

Kilichofuata nilisimuliwa na Aikaruwa. Siku kadhaa baba yake hakutulia. Alikwenda mgombani asubuhi, akarudi, akaingia chumbani, akatoka, akaenda tena mgombani. Aikaruwa alinipigia simu akisema, "Mama, nadhani nimemuumiza baba yangu na sijamsaidia mtu." Nilimfariji kwa maneno ambayo sasa siyakumbuki, na nashuku hayakuwa mazuri.

Kisha siku moja, anga likiwa bado kavu, Mzee alisimama mlangoni pa jiko akamuuliza Nuru, "Mwanangu, beseni lako na khanga zako viko wapi?"

"Vipo, baba. Kwani kuna nini?"

"Viweke kwenye gari."

Alimpeleka mwenyewe kwa pikapu, polepole, kama amebeba mayai. Muuguzi alipomwambia kwamba mama huyu bado ana muda, alijibu, "Najua. Nimemleta mapema."

Nuru alijifungua mtoto wa kike mwenye afya, katika wiki ambayo mvua haikutoa nafasi ya mtu kuanika hata soksi. Siku hiyo pikapu ilikuwa imezama mpaka kwenye ekseli karibu na geti la nyumbani, imebeba ndizi za mnada. Mzee aliiacha hapo na ndizi zake, akashuka kwa miguu na chupa ya supu ya mtori kwapani. Wakati ule hakuwa na haraka. Watu wake walishafika.

Jumapili aliyorudi mnadani, mimi nilikuwepo na boksi langu la milele. Akashika kitabu cha kijani, safari hii kwa mikono miwili.

"Sikilizeni. Ndizi zirudi. Kuku arudi, maziwa yarudi, hata mbuzi akitaka arudi. Kitabu hakirudi mezani. Ukikinunua, nenda nacho nyumbani, kikakae na wewe. Nani anaanza?"

Siku ile boksi lilikwisha. Sharika na parokia za jirani zikasikia, zikaiga, na kanuni ile ya Mzee Anaeli ikawa kanuni yetu mpaka leo. Ninyi mmeirithi mkidhani ni mkakati wa mauzo. Desemba, watu wanaporudi nyumbani kutoka Dar na Arusha, tulikuwa tunauza mpaka tunabaki na chenji tu. Nimehariri vitabu vilivyosifiwa na maprofesa. Hakuna kilichonipa kiburi kama kubeba boksi tupu kushuka nalo mlima, jepesi, linapigapiga nyuma ya gari kila shimo.

Kiburi nacho kina gharama. Tulipotaka kuchapa tena, kompyuta ya kiwanda ilikuwa imekufa na kila kitu tumboni. Nikatafuta nakala yangu, nikakumbuka nimeiuza. Mhariri mzima, sina kitabu changu mwenyewe. Nikapanda kwa Mzee Anaeli.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama mhariri. Karibu, kaa kivulini."

Nikaeleza shida yangu.

"Hakirudi mezani," akasema.

"Sikirudishi mezani, Mzee. Naazima tu."

"Msomi akiazima kitabu amekioa. Nawajua."

Tulipatana kwamba kitabu hakitoki uani. Akatoa kigoda, mimi nikasimama na simu, nikapiga picha ukurasa kwa ukurasa, yeye akifunua mwenyewe kwa kidole. Cha kabatini, chenye saini yangu, alikuwa amempa mchungaji. Hiki kilikuwa cha mnadani, kimelegea mgongo, kinanuka moshi wa jikoni. Tulipofika kwenye "Tumekaribia", nikaliona doa. Utomvu wa ndizi. Aliyekulia huku anaujua: ukigusa nguo, nguo hiyo imekwisha.

"Usijali, Mzee," nikasema. "Fundi wetu atalifuta."

Akaliangalia.

"Nilikuwa nakata ndizi," akasema. "Likanijia lile neno, nikaacha panga, nikaingia ndani kuangalia kama ameliandika sawasawa. Sikunawa mikono."

"Na ameliandika sawasawa?"

"Kama nilivyolisema." Akafunua ukurasa uliofuata. "Piga picha, mama. Jua linazunguka."

Basi, wanangu, doa mnaloliona lilitoka kwenye picha zile, na ni dole gumba la msomaji. Mimi nilipitisha miaka mingi nikimtafuta, na huyo ndiye. Toleo sasa ni lenu na kompyuta ni yenu. Mkiamua kulifuta, pandeni kwanza Old Moshi mkamwombe ruhusa mwenyewe. Mtamkuta uani, anaosha pikapu, na mjukuu wake ameshika ndoo. Mpelekeeni nakala mpya, na msitegemee kurudi nayo.